Akili Yake Iko Mikononi

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa darasa la nne huko Nyaramba, katika nchi ya Kisii, Kenya, tulisoma na mvulana mmoja aliyeunda magari ya waya. Waya aliutoa kwenye nyua zilizoanguka, magurudumu aliyakata kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani aliupandisha kwa kijiti kirefu uliomfikia kifuani, akaweza kuendesha akitembea wima. Gari lake lilikata kona. Ya kwetu yalikuwa yakifika kwenye kona yanapinduka. La kwake liliteremka njia ya udongo mwekundu katikati ya mashamba ya chai mpaka kituo cha kuuzia majani, likageuka, likarudi.

Kusoma kulimshinda. Siku ya wazazi mwalimu wetu alimweleza mama yake kwa upole kabisa: "Huyu akili yake iko mikononi." Mama akashukuru, maana alikuwa amekuja akitarajia kusikia kwamba mwanawe hana akili popote. Tangu siku ile mwenzetu akahamia dawati la nyuma. Vitabu vilipogawanywa, kimoja kwa watoto wanne, kundi lake halikuhesabiwa. Yeye ndiye aliyetumwa kupigilia bawaba za mlango, kuteka maji na kukaza miguu ya viti.

Baadaye nilikuja kuwa mwalimu, na kauli ile ikanifuata. Niliikuta katika madaftari ya chuo cha ualimu, katika semina, katika vitabu vya wataalamu. Kila mahali ilisemwa kwa huruma. Kadiri nilivyoisoma historia yake ndivyo nilivyotambua kwamba mwalimu wetu hakuitunga. Alirithi. Na waliomrithisha hawakuwahi kufika Nyaramba.

Nianzie nyumbani. Kabla ya shule kuja, mtoto wa Kigusii alifundishwa kutwa nzima bila mtu kuitwa mwalimu. Jioni, katika nyumba ya bibi, alisikia emegano, hadithi za wanyama na mazimwi, na hapo kazi ilikuwa ya masikio. Mchana msichana wa miaka sita au saba alikuwa omoreri, mlezi wa mdogo wake, naye alijua kubeba mtoto mgongoni kwa kumbeba. Mvulana alichunga. Kule Tabaka, kusini mwa Kisii, mtoto wa mchonga mawe alikaa kando ya baba akitazama jinsi jiwe laini linavyoitikia kisu, miezi mingi kabla ya kupewa jiwe lake.

Mimi magokoro, yaani bibi yangu, alinifunza kuchuma chai nikiwa na miaka saba. Alisema neno moja, "majani mawili na chipukizi," kisha akanyamaza akachuma. Nikaona kwamba hatumii kucha. Anabana kwa ncha za vidole na kuvunja kwa mpindo mdogo, na jani linatoa sauti. Nikaona pia kwamba hajazi kiganja. Nilipofinya majani mengi ngumini aliifungua ngumi yangu, akanionyesha yalivyopata joto na kuanza kubadilika rangi, akayatupa. Somo likaisha. Usiku mwanamke yule yule alikaa jikoni akasimulia hadithi kwa saa nzima bila kuinua kidole, na mimi yule yule, mtoto wa mikono wa mchana, nikawa mtoto wa masikio. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa aina gani. Chai ilidai mkono, hadithi ikadai sikio. Somo lenyewe ndilo lililochagua njia, wala si mtoto. Nimerudi jikoni mle mara nyingi kila niliposoma nadharia mpya.

Wamisheni Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaja Nyanchwa mara baadaye. Darasa lao lilikuwa la kukariri: mwalimu anasema, watoto wanaitikia, herufi zinaimbwa kabla ya kueleweka. Wagusii walikuwa bado na makovu ya mapigano ya 1905 na 1908, na wengi hawakuwa na haraka ya kuwapeleka watoto kwa wageni. Walipoanza kuwapeleka, walijua wanachotaka. Mzazi aliyemwona karani wa ofisi ya mkuu wa wilaya akifungua daftari na kusema nani amelipa kodi na nani hajalipa, hakuhitaji kuhubiriwa faida ya kusoma.

Hapo ndipo kauli yetu ilipoingia nchini, ikiwa imevaa suti. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, alikuwa amefanya kazi Hampton, chuo cha Virginia kilichowafundisha Wamarekani weusi ufundi na kilimo. James Aggrey wa Gold Coast, mmoja wa Waafrika waliosoma sana wakati ule, alikuwa miongoni mwa wajumbe. Walipendekeza elimu iliyooanishwa na maisha ya Mwafrika: afya, shamba, nyumba, kazi za mikono. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ikatoa sera iliyoagiza elimu ya makoloni ifuate fikra, vipaji, kazi na mila za kila jamii. Mwaka huo huo Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete chini ya James Dougall, ili kuandaa walimu wa kuzunguka vijijini na wake zao wakifundisha usafi, bustani na ufundi. Majengo yale baadaye yakawa chuo cha utawala, na leo ndipo maofisa wa serikali wanaponolewa.

Sitaki kuwaonea watu wale. Mafunzo ya Jeanes yalileta vyoo, vitanda na mboga katika vijiji vingi, na shule isiyojali shamba ni shule yenye upungufu. Lakini tazama kilichofichwa ndani ya neno "vipaji". Swali la somo linahitaji nini lilibadilishwa likawa swali la mtu huyu ni wa aina gani, na jibu likatolewa kabla mtoto hajaketi. Mnamo 1932 mwanasaikolojia R. A. C. Oliver alitunga kipimo cha akili kwa ajili ya Waafrika wa Kenya. Katika miaka ile ile madaktari wa Nairobi, H. L. Gordon na F. W. Vint, walipima mafuvu na bongo na kudai kwamba ubongo wa Mwafrika umepungukiwa. Madai hayo yalikanushwa na sayansi, ila yalikuwa yamekwisha kuzisaidia hoja za waliotaka shule ya Mwafrika iishie kwenye jembe na randa.

Wazazi walikataa. Wakikuyu walijenga shule zao huru. Katika nchi ya Kisii watu walidai Kiingereza na hesabu, na Shule ya Kisii ya serikali, iliyoanzishwa 1934, ikawa mlango uliogombaniwa. Ripoti ya Beecher ya 1949, iliyotaka wengi waachwe baada ya miaka minne ya mwanzo, ilipingwa kila kona. Hawakudharau kazi ya mikono. Waliifanya kila siku. Walichokataa ni kuambiwa kwamba hiyo ndiyo pekee inayowafaa.

Mwaka 1955 wakaja wageni wa namna nyingine. Robert na Barbara LeVine, watafiti kutoka Marekani, waliishi kati ya Wagusii mpaka 1957 wakiangalia jinsi watoto wanavyolelewa, katika utafiti mkubwa uliolinganisha jamii sita duniani. Kitabu chao kuhusu kijiji walichokiita Nyansongo kilitoka 1966. Waliandika kwamba mama wa Kigusii hutoa amri zaidi ya maelezo na husifu kwa nadra, kwa kuwa sifa nyingi zinaweza kumharibu mtoto akawa na kiburi. Magokoro angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuandikwa.

Robert LeVine alirudi katika miaka ya 1970 akiwa na madaktari wa watoto, na kutokana na kazi ile likatokea chapisho la 1984 ambalo kila mwalimu wa kwetu angefaidika kulijua. Mama wa Kigusii na mama wa Boston walipewa jukumu moja: wamfundishe mtoto wao mdogo kazi ndogo. Mama wa Boston aliongea. Aliuliza, alisifu, alijivutia macho ya mtoto, alishangilia kila hatua. Mama wa Kigusii aliifanya kazi yote mbele ya mtoto kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaelekeza macho yake kwenye kitu chenyewe, akatarajia mtoto afanye.

Ni rahisi mno kulichukua tokeo hili na kusema: basi watoto wa Kigusii hujifunza kwa kutazama, tuwatazamishe. Tutakuwa tumerudi Kabete mwaka 1925. LeVine mwenyewe hakuishia hapo. Pamoja na wenzake alifuatilia akina mama katika Mexico, Nepal, Venezuela na Zambia, na kitabu chao cha 2012 kikaonyesha kwamba mama aliyepitia shule huzungumza na mtoto kwa namna nyingine, na namna hiyo humwandaa mtoto kwa shule. Miaka michache mbele ya ubao imetosha kuligeuza jambo ambalo wengine wangeliita tabia ya kabila.

Zambia hiyo hiyo ndiyo ilinikumbusha gari la waya. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wa Lusaka na wa Manchester. Aliwataka waige maumbo, mara kwa penseli na karatasi, mara kwa waya, mara kwa udongo. Kwa penseli watoto wa Kiingereza walishinda. Kwa waya wa Lusaka walishinda, maana wavulana wa mitaa ile walikuwa wakiunda magari kama yetu. Kwa udongo, ambao pande zote mbili ziliuchezea, hapakuwa na tofauti. Niliposoma matokeo yale niliweka karatasi chini nikakaa kimya kwa muda. Mwenzetu hakuzaliwa na akili ya waya. Alikuwa na saa elfu za waya, na saa chache mno za kitabu.

Nadharia inayoipa kauli ya mwalimu wetu jina la kitaalamu, yaani mitindo ya kujifunza, ilizaliwa mbali na haya yote. David Kolb wa Marekani aliueleza mpango wake katika kitabu cha mwaka 1984. Neil Fleming, aliyekuwa mkaguzi wa shule huko New Zealand, alikuwa ameketi nyuma ya maelfu ya madarasa, akasumbuliwa na swali la dhati: kwa nini walimu wazuri huwakosa baadhi ya wanafunzi, na walimu dhaifu huwapata? Mwaka 1992, akiwa na Colleen Mills, alichapisha mpango wa makundi manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Dodoso lake lilienea duniani. Naye Howard Gardner, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu akili za aina nyingi, alichanganywa humo humo, ingawa mwenyewe alieleza waziwazi mwaka 2013 kwamba akili nyingi si mitindo ya kujifunza.

Katika chuo nilichosomea ualimu tulikariri makundi yale. Katika andalio la somo palikuwa na mahali pa kuonyesha utamfikiaje kila mmoja wao. Mkufunzi mmoja alinikata alama kwa sababu somo langu la kugawanya halikuwa na chochote kwa watoto "wa kusikia". Jioni ile nilitunga wimbo wa kugawanya. Watoto waliupenda sana, wakauimba mpaka uwanjani. Kugawanya hawakujua.

Busia na Teso, kaskazini-magharibi ya kwetu, palifanyika jambo ambalo ningependa lijulikane kama lijulikanavyo jina la Fleming. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi lilitoa chati kubwa za ukutani za sayansi, hisabati na afya, pamoja na ramani ya Afrika Mashariki. Shule 178 ziliingia katika mpango, na nusu yake zikapata chati. Kila mtu aliamini zitasaidia, hasa watoto wanaoshindwa na maandishi. Mtafiti Michael Kremer na wenzake walipolinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, waliona faida kubwa. Walipotazama zile zilizopewa kwa bahati nasibu, ndiyo njia pekee ya haki, faida haikuonekana. Yaani shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa shule bora kwa sababu nyingine.

Kipimo hicho hicho cha haki ndicho Harold Pashler na wenzake watatu walichokitafuta mwaka 2008 katika maandiko ya mitindo ya kujifunza. Walisema hivi: wagawe wanafunzi kwa mitindo yao, kisha katika kila kundi wengine wafundishwe kwa njia "yao" na wengine kwa njia nyingine, wote wafanye mtihani mmoja. Kama nadharia ni kweli, wa kuona watashinda kwa picha na wa kusikia kwa sauti. Tafiti zilizofuata utaratibu huo zilikuwa chache, na kadhaa zilionyesha kinyume. Miaka minne kabla yao, Frank Coffield wa Uingereza alikuwa amehesabu mipango 71 tofauti ya mitindo. Hata hivyo, utafiti wa 2012 uliwakuta zaidi ya walimu tisa kati ya kumi wa Uingereza na Uholanzi wakiamini kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akifundishwa kwa mtindo wake.

Naelewa kwa nini wanaamini, maana nami niliamini. Mwalimu mwenye watoto 80 huona kwa macho yake kwamba hawafanani. Nadharia inampa jina la tofauti ile na njia ya kumpenda mtoto aliyeshindwa. Tena ushauri wake una chembe ya kweli: picha nzuri pamoja na maneno mazuri huwasaidia karibu watoto wote. Mtoto kipofu anahitaji breli na kiziwi anahitaji lugha ya ishara, na kumnyima ni dhuluma. Hilo ni suala la kufikiwa na somo. Kosa linaanza pale mapenzi ya mtoto yanapogeuzwa kuwa maumbile yake, na maumbile kuwa mpaka.

Basi tofauti iko wapi? Busia ilijibu tena. Vitabu vya kiada vilipogawiwa katika shule za huko kuanzia 1996, waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa mbele tayari, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu ya wengi, na wengine hawakuweza kuvisoma. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, mwalimu wa ziada aliajiriwa na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule mgawanyo ulifuata kile mtoto alichokwisha kujua. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer waliripoti mwaka 2011 kwamba katika shule hizo walio nyuma na walio mbele walipanda wote, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale watoto walipokuwa. Kile mtoto alichokwisha kujua ni kiwango cha leo tu. Mwezi ujao kitakuwa kingine, na ndiyo sababu hakifanani hata kidogo na kumwambia mama kwamba akili ya mwanawe imekaa kiungo fulani.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ambao mfumo wake ulitolewa mwaka 2017 na kuanza rasmi madarasani 2019, unamtaja Gardner kati ya wanafikra wake, pamoja na Dewey, Vygotsky, Piaget na Bruner. Una mazuri mengi. Nimewaona watoto wa gredi ya pili wakipima maji kwa chupa na kubishana kwa Ekegusii kuhusu nusu na robo, na nikafurahi. Lakini watoto wake huingia shule za upili za juu kupitia njia tatu: sayansi na uhandisi, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mtoto wa miaka 15 kutoka shule isiyo na maabara atasemekana hana mwelekeo wa sayansi. Nataka anayesema hivyo aulizwe, kabla ya kutia sahihi, mtoto huyu alipewa saa ngapi za sayansi.

Mwenzetu wa gari la waya alipata bahati ambayo haikuwa katika sera yoyote. Muhula wa tatu alikuja mwanafunzi wa ualimu, msichana mwembamba aliyevaa sweta ya kijani, kwa mazoezi ya kufundisha. Hakuleta waya. Alimwita wakati wa chakula cha mchana, akamwonyesha herufi moja moja akimtaka atoe sauti yake, akagundua kwamba anazijua kumi na moja tu. Akamuuliza alikuwa wapi darasa la kwanza. Alikuwa akichunga ng'ombe wa mjomba kwa karibu mwaka mzima, kisha akapandishwa na wenzake wa rika lake. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Wakaanza na kitabu cha darasa la kwanza, kila siku, chini ya mkuyu, sauti kwa sauti, kwanza maneno ya Ekegusii ambayo kinywa chake kilikuwa kinayajua. Wiki za mwanzo aliona haya tukipita. Baadaye akaacha kututazama.

Siku moja mwezi wa Novemba tulikuwa kwenye kituo cha majani. Karani alipima kikapu cha mama yake, akaandika risiti, akaikabidhi bila kuinua uso. Mama akaikunja kama kawaida yake ili aifunge kwenye pindo la leso. Mwanawe akaichukua mkononi mwake, akaikunjua, akaweka kidole chini ya mstari wa juu, midomo ikitembea.

"Kilo kumi na nne na nusu," akasema. Kisha kidole kikarudi nyuma. "Lakini mama, hapa wamekosea jina lako."